Jumuiya huanza kuvunjika kwenye bei ya kitunguu

Juzi, baada ya swala ya magharibi, nilipita kwa mama mboga wetu hapa Lucky Summer kununua vitunguu. Kwa msomaji asiyepajua, Lucky Summer ni mtaa ulioko Ruaraka, upande wa Eastlands jijini Nairobi, jirani na Baba Dogo na Korogocho. Watu wa pwani tunaoishi huku si wengi, lakini tupo. Mama huyu ananiita Ustadh kwa sababu ya kofia tu, si kwa elimu. Nilimpa shilingi hamsini, akanitilia vitunguu vitatu. Wiki iliyotangulia hamsini hiyo hiyo ilinipa vitano.

"Mama, mbona leo umenikaba?" nikamtania.

"Ustadh, usinilaumu mimi. Hivi ni vya Tanzania. Anayetuletea anasema gari lililala mpakani siku mbili, na gunia likioza tunalilipa sisi."

Nikakiangalia kibanda chake vizuri. Vitunguu vya Tanzania. Machungwa ya Tanga, yale yale tuliyoyala Mombasa tangu utotoni. Matoke ya Uganda. Ukitoa sukumawiki na nyanya, sehemu kubwa ya kibanda kile imevuka mpaka. Mama mwenyewe hajawahi kufika Namanga wala Lunga Lunga, lakini mpaka unamfikia kila asubuhi anapofungua gunia.

Nimeanza na kitunguu kwa sababu kuna swali linalorudi kila nchi zetu zinapovutana. Utalisikia redioni, utalisikia baraza la kahawa, utalisikia kwenye matatu: "Kwani hii Jumuiya ya Afrika Mashariki inatusaidia nini? Si tutoke tu, kila mtu ashike njia yake?" Wenzetu wa upande wa pili nao husema hivyo hivyo wakiwa na hasira na sisi.

Nitalijibu swali hilo kwa hesabu. Stashahada yangu ni ya mambo ya usafirishaji na forodha, na kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Najua karatasi moja inayokosekana inavyoweza kulaza kontena wiki nzima. Jibu langu ni kwamba sisi tulishawahi kutoka, na bei yake tunaijua. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba kutoka kule hakukuanza siku mpaka ulipofungwa. Kulianza miaka kadhaa kabla, kwa makatazo madogo madogo kama haya tunayoyaona leo.

Ilivyokuwa 1977

Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na vitu vya pamoja ambavyo leo kijana ukimwambia atadhani unamtania. Reli ilikuwa moja, bandari ziliendeshwa na shirika moja, posta na simu vivyo hivyo, na ndege zilikuwa za shirika la East African Airways. Makao makuu ya Jumuiya yalikuwa Arusha. Ya reli na ndege yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, na ya posta Kampala. Mtu wa Mombasa aliweza kuajiriwa Mtwara bila kuhama shirika.

Miaka kumi baadaye vyote hivyo vilikuwa vimekwisha. Wengi wetu tumeambiwa sababu ni Idi Amin, kwamba Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja baada ya mapinduzi ya Januari 1971. Ni kweli, marais hawakukutana tena kama mamlaka kuu ya Jumuiya. Lakini hiyo ni sehemu tu. Tanzania na Uganda zilikuwa zikilalamika kwa muda mrefu kwamba viwanda vyote viko Kenya, na wao wamebaki kuwa soko. Kenya nayo ilikuwa ikifuata njia ya ubepari huku Tanzania ikijenga ujamaa, na kila mmoja akimwona mwenzake amepotea.

Katikati ya miaka ya 1970 kukaanza mambo madogo. Mashirika ya pamoja yakawa hayapati fedha, kwa sababu kila nchi ilizuia makusanyo yake yasipelekwe makao makuu yaliyo nchi nyingine. Tanzania ikasema malori mazito ya Kenya yanayokwenda Zambia yanaharibu barabara zake, ikayazuia. Kila katazo lilikuwa na sababu yake, na ukilitazama peke yake uliweza kuona haki ndani yake. Hakuna aliyesema "tunaivunja Jumuiya". Kila mmoja alisema "tunalinda maslahi yetu".

Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ikasimama, Kenya ikaunda shirika lake la ndege, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii kutoka Kenya yalikamatwa yakiwa upande wa pili. Kufikia katikati ya mwaka, Jumuiya ilikuwa maiti. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983, marais wa nchi tatu walipokutana Arusha. Hiyo ni karibu miaka saba.

Mimi nilizaliwa 1979 huko Vanga. Kwa hiyo nilizaliwa mpaka umefungwa, na nilipoanza kuwa na akili nilidhani Tanga ni ng'ambo ya bahari kama Maskati.

Maiti haisubiri mpaka

Shangazi yangu aliolewa Tanga mwaka 1974. Wakati huo kutoka Vanga kwenda Tanga ilikuwa kama kutoka Likoni kwenda Ukunda. Wadigo wako pande zote mbili, Washirazi wako pande zote mbili, misikiti inajuana na ukoo ni mmoja. Mstari waliuchora Waingereza na Wajerumani, na wazee walikuwa wakiuvuka kwenda harusini bila kuuona.

Bibi yangu, mzaa baba, alifariki mwaka 1981. Nyinyi mnajua sisi hatuweki maiti. Alifariki alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri. Habari ilipelekwa Tanga na mvuvi. Shangazi akapita Moa, akapanda dau usiku, akashuka Jimbo akiwa ameroa hadi kifuani. Akafika siku ya tatu, hitma inasomwa. Baba alikuwa akisimulia kwamba dada yake hakulia. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akakaa chini, akasema, "Mama, si mimi niliyechelewa."

Mpaka ulipofunguliwa alikuja kwa basi na wanawe wanne. Mimi na wao tulikuwa mabinamu wa damu, na ilibidi tutambulishwe kama wageni.

Nasimulia haya kwa sababu vitabu vya uchumi vikiandika juu ya 1977 huandika habari za viwanda vya Nairobi vilivyokosa soko la Tanzania na njia ya Zambia. Hayo ni kweli. Lakini kuna gharama ambazo hazikuingia katika kitabu chochote, na sehemu kubwa ya gharama hizo ililipwa na watu wa mpakani, nao ni sisi.

Na biashara je, ilikoma? Haikukoma. Ilihamia gizani. Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Sabuni, nguo na vitu vya dukani vilipita njia za panya, na karafuu za Pemba ziliendelea kuja kwa magendo kama zamani. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni kubwa ya kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi. Mpaka ukifungwa, mwenye jahazi kubwa na mwenye kujua mtu hutajirika. Mwenye kapu la machungwa hukamatwa.

Kufungua tena kulikuwa kazi ngumu kuliko kufunga. Benki ya Dunia ilimtafuta msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya hayakutiwa saini hadi Mei 1984. Wastaafu wa mashirika ya Jumuiya, hasa kule Tanzania, waliendelea kudai haki zao kwa miaka mingi baada ya hapo, wengine hadi wakafa. Na kuna milango ambayo haijafunguka mpaka leo. Kivuko cha Bologonja, baina ya Maasai Mara na Serengeti, kilifungwa 1977, na hadi leo mtalii hawezi kukipita. Nyumbu wanavuka bila pasipoti. Mtalii aliyelipa dola zake lazima azunguke mbali hadi kivuko kingine.

Waliotoka wengine walipata nini?

Mtu atasema hayo ni ya zamani, na siku hizi nchi hutoka kwa ustaarabu. Basi tutazame mifano miwili.

Wa kwanza ni wa jirani zetu wenyewe. Mwaka 2000 Tanzania ilijitoa katika COMESA, ile jumuiya ya soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika ambayo Kenya imo. Oktoba mwaka huo huo COMESA ikazindua eneo lake la biashara huria. Tanzania ikawa nje mlango ukifunguliwa, na bidhaa zake zikakosa nafuu ya ushuru ambayo wanachama walipeana, pamoja na soko kubwa kama la Misri. Mbona haikuumia sana? Kwa sababu ilikuwa na paa jingine. Ilibaki katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini, na ilikuwa ikijenga upya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Alitoka chumba kimoja akaingia kingine ndani ya nyumba ile ile.

Hapo pana jambo ambalo wanaosema "tutoke tu" hawalitaji. Kenya haimo SADC. Tanzania haimo COMESA. Ukiondoa mkataba wa biashara huria wa bara zima, ambao bado ni mchanga, paa pekee ambalo Kenya na Tanzania wamekaa chini yake pamoja ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Likiezuliwa, mvua itatunyeshea sote.

Mfano wa pili ni Uingereza. Walijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha mwisho wa Desemba mwaka huo. Hawakupigana, hawakufunga mpaka, na walitia saini mkataba wa kutotozana ushuru. Hata hivyo bidhaa zikahitaji karatasi ambazo hazikuhitajika kabla: maelezo ya forodha, ushahidi wa zilikotengenezwa, vyeti vya afya kwa samaki na nyama. Januari 2021 wavuvi wa Scotland walikuwa na samaki wanaooza wakisubiri vyeti. Kule Uholanzi maafisa wa forodha waliwanyang'anya madereva kutoka Uingereza mikate yao ya chakula cha mchana kwa sababu ilikuwa na nyama ndani, na sheria hairuhusu tena nyama kuingia hivyo. Serikali ya Uingereza yenyewe iliahirisha mara kadhaa ukaguzi wa vyakula kutoka Ulaya, hadi 2024, kwa kuogopa kuipandishia bei meza ya mwananchi. Na suala la Ireland ya Kaskazini, wapi mpaka upite, liliwasumbua mawaziri wakuu kadhaa.

Sisi Kenya tuliguswa pia. Ilibidi tukimbie kutia saini mkataba wetu na Uingereza Desemba 2020, ili maua yetu yasianze kutozwa ushuru mwaka mpya ukiingia. Nchi nyingine za Jumuiya hazikuwa tayari, tukasaini peke yetu, na wenzetu wakanuna.

Uingereza ina kompyuta, ina maafisa wa kutosha, ina bandari za kisasa. Ikiwa wao walikwama kwa karatasi, itakuwaje kwa mama wa Lunga Lunga mwenye magunia mawili na mtoto mgongoni?

Hesabu ya gunia

Ngoja niweke hesabu moja ambayo kila mtu anaweza kuifanya. Chini ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya, ulioanza Januari 2005, bidhaa iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikivuka, mradi ina cheti cha kuonyesha asili yake. Bidhaa kutoka nje hutozwa kwa ratiba ya pamoja. Katika ratiba hiyo mahindi ya nje yamewekewa asilimia 50.

Chukua gunia la mahindi unalolinunua Tanzania kwa thamani ya shilingi 3,000 za Kenya. Leo linavuka bila ushuru huo. Siku nchi moja ikiwa nje ya Jumuiya, na kusiwe na makubaliano mengine, gunia hilo hilo litakuwa 4,500 kabla hujalipa gari, kibarua na kodi nyingine. Tena sijahesabu siku za kulala mpakani. Nani atalipa 1,500 zile? Si waziri, na mkulima wa Tanzania hatazilipa pia. Atalipa anayenunua unga Lucky Summer, Kisauni na Msambweni.

Mkulima wa Tanzania naye atakosa mnunuzi, na gunia litamuozea ghalani. Hapo ndipo utaona kwamba katazo la upande mmoja humpiga maskini wa pande zote mbili.

Kutoka kwa dirisha

Waliotunga mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, walikuwa wameungua. Katika utangulizi wake walitaja waziwazi kilichoua Jumuiya ya kwanza: ukosefu wa nia thabiti ya kisiasa, wananchi na wafanyabiashara kutoshirikishwa, na faida kutogawanywa kwa usawa. Kisha wakaweka kifungu cha 145. Nchi haiwezi kujitoa kwa hasira ya siku moja. Lazima bunge lake lipitishe azimio kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili. Ni kama eda. Wamewekewa muda watu wapoe.

Mlango basi una kufuli. Lakini nchi zetu zimejifunza kupita dirishani. Hazijitoi katika Jumuiya. Zinajitoa katika kifungu kimoja leo, kingine kesho, huku bendera zikipepea Arusha.

Nitaitaja mifano ya pande zote, nisije nikaambiwa nina upande. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya walioingia kutafuta malisho, na mwisho wa mwezi ule ule ikachoma vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga. Mei 2020, wakati wa korona, ilikuwa zamu ya Kenya kufunga mpaka isipokuwa kwa mizigo. Madereva wakabishaniwa vipimo, na malori yakapanga foleni ya kilomita kadhaa. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla, ikisema yana sumu ya kuvu, na baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways baada ya Kenya kuinyima ndege ya mizigo ya Tanzania kibali, kisha wakapatana. Na Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo ndogo. Miongoni mwazo ni kutengeneza simu, kutuma na kupokea pesa kwa simu, saluni, na kununua mazao shambani.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayofika kwenye kibanda cha Lucky Summer. Wachuuzi wa Kenya wamezoea kuingia hadi shambani, kupatana na mkulima na kupakia. Sasa wakae nje wasubiri dalali. Dalali ana tumbo, na tumbo lake litajazwa na mimi na wewe.

Sasa tuwe waadilifu. Mtanzania naye ana hoja. Anasema Mkenya mwenye mtaji anaingia kijijini, anamnyonya mkulima kwa bei ya shambani, na anaondoka na faida yote. Ni lile lalamiko la miaka ya 1970, kwamba faida haigawanyiki. Kulibeza ni kurudia kosa. Na hoja ya Kenya juu ya mahindi haikuwa ya kubuni. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika eneo la Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Afya ya watu si mchezo. Lakini sumu ya kuvu hupimwa kwa mashine, haipimwi kwa uraia. Gunia bovu la Makueni na gunia bovu la Manyara ni mabovu sawasawa. Tofauti ya tahadhari na uadui ni kwamba tahadhari ina kipimo, ina tarehe, na ina mlango wa kupita aliyetimiza masharti.

Tufanye nini?

La kwanza, tudai kila katazo la mpakani liwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na sababu iliyoandikwa. Mzigo ulio njiani tayari upitishwe. Haiwezekani mtu apakie Jumatatu bidhaa ikiwa halali, afike Jumatano ikiwa haramu.

La pili, kina mama wetu wa Lunga Lunga, Vanga na Taveta watumie haki walizo nazo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, una utaratibu rahisi: cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Mfanyabiashara mdogo hahitaji wakala wa kumtoza. Nimekutana na wengi wanaopita njia za panya na kuhatarisha mali yao kwa kukwepa ushuru ambao kisheria hawadaiwi. Misikiti na vyama vyetu vya akiba vingefanya jambo la thawabu kama vingelifundisha hili.

La tatu, kuna Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Kifungu cha 30 cha mkataba kinampa haki raia wa kawaida, si serikali tu, kushitaki sheria au amri ya nchi mwanachama inayokiuka mkataba, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Miezi miwili si mingi. Mawakili wa pwani wanaotaka kutusaidia wasisubiri kwanza msiba uwe mkubwa.

La nne ni la kwetu Wakenya hasa. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa kutoka kila nchi. Ni nani kati yetu anayeweza kuwataja watatu wa Kenya? Tunapiga kelele mitandaoni nchi zikigombana, lakini wanaotuwakilisha kule hatuwajui na hatuwaulizi. Na mchuuzi wetu anayekwenda shambani Tanzania aweke mapatano ya heshima na mkulima: bei ya haki na mizani isiyopunjwa. Qur'ani imetaja waziwazi ole wa wanaopunja vipimo. Dhuluma ndogo ya shambani ndiyo inayompa mwanasiasa mafuta ya kuwashia moto.

Sioni leo dalili ya nchi yoyote kuandika barua ya kujitoa. Lakini huko Afrika Magharibi, Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS mwezi Januari 2025, na miaka michache tu kabla ya hapo hakuna aliyedhani ingefikia hapo. Mambo haya huwa hayawezekani, hadi siku yanapowezekana.

Jana nilirudi kwa mama mboga. Vitunguu vilikuwa vinne kwa hamsini. Nikamwambia nimeandika habari zake gazetini. Akacheka, akaniongeza kimoja. "Hicho ni cha sadaka, Ustadh. Lakini waambie wale wakubwa, wakigombana wagombane wakiwa wameacha barabara wazi."

Shangazi yangu bado yuko hai, Alhamdulillahi. Ni mzee sasa, yuko Tanga, na macho yamepungua nuru. Mwaka jana nilimpigia simu kumwambia nitakuja kumwona baada ya Idi. Swali lake la kwanza halikuwa nitaleta nini wala nitakaa siku ngapi.

"Mpaka uko wazi, mwanangu?"

Mtu aliyeuliza swali hilo mwaka 1981 bado analiuliza. Tusiwafikishe wanetu mahali nao waliulize.